Namba ya mama wa Bunia

Mama mmoja aliingia dukani kwangu Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza rolex yangu (chapati iliyoviringishiwa mayai), akakunjua bango juu ya meza na kuligeuza linielekee.

"Papa," akaniambia, "soma hii namba."

Nikaisoma yote.

"Ni ya nani?"

"Si yako, mama?"

"Ya kwangu iko na nane. Hapa muliandika tatu. Batu banapigia mwanaume wa Kisangani, na yeye anabatukana."

Mabango yalikuwa 3,000. Aliyachukua kwangu wiki tatu nyuma, akayapakia kwenye basi hadi mpaka wa Goli, akavuka Mahagi, akafika nayo Bunia, mashariki ya Kongo, akalipa vijana wayabandike sokoni, makanisani na kwenye vituo vya pikipiki. Alikuwa amefungua chuo cha ushonaji cha wasichana. Hakuna msichana hata mmoja aliyepiga simu akampata.

Nitaeleza ile tatu ilitoka wapi, ila kwanza mjue kazi yangu.

Mimi ni dizaina wa Nasser Road, Kampala. Asiyeijua Nasser Road afikirie mtaa mmoja mfupi ambao kila mlango una kompyuta, karatasi au mashine ya kuchapa. Uko chini ya Kampala Road, sambamba na Nkrumah Road: majina ya wazee wawili, wa Misri na wa Ghana, na katikati yao mashine kuukuu za Heidelberg zikigonga tangu asubuhi hadi usiku. Ukitaka kalenda ya msikiti, kitabu cha risiti, stika ya bodaboda au sura ya mgombea udiwani, unakuja kwetu. (Ndiyo, wapo wanaokuja kutafuta vyeti ambavyo hawakuvisomea. Hayo tuyaache.)

Nilizaliwa Busia, upande wa Uganda, ambako mtoto hujua Kiswahili kabla hajajua kwamba kuna mpaka. Nilipofika Kampala mwaka 2008, Kiswahili hakikunipa heshima yoyote. Watu wa rika la wazazi wangu walikisikia wakakumbuka askari wa zama za Idi Amin, waliowaamrisha kwa lugha hiyo. Lakini kilinipa wateja. Sudan Kusini ilipopata uhuru Julai 2011, wafanyabiashara wa Juba walikuja wakitaka vibao, daftari, bendera, kila kitu kwa wakati mmoja. Baadaye wakaja wa Beni, Bunia na Goma. Wenzangu walikuwa wakielewana nao kwa vidole na kikokotoo. Mimi nilianza kwa kuwauliza habari za njiani. Kwa miaka mingi nilidhani hiyo ndiyo siri yangu yote: lugha na kompyuta.

Kazi nilijifunza kwa kukata picha. Unapewa picha ya bibi arusi amesimama mbele ya ukuta wa nyumba, unatakiwa umtoe kwenye ukuta ule umweke kwenye maua. Unazungusha mstari pembeni mwa mwili wake, nukta baada ya nukta, hadi kwenye nywele. Bwana aliyenifundisha aliita kazi hiyo kunyoa. "Umeshamnyoa yule?" Picha moja ilinichukua dakika 40, akanilipa shilingi 2,000, na kama nimeacha sikio alinirudishia.

Nilichukia kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini ukikaa dakika 40 na sura ya mtu usiyemjua, unaanza kuona. Unaona kivuli kinatoka kushoto wakati maua unayotaka kumwekea yamepigwa mwanga wa kulia. Unaona mkanda wa gomesi, vazi la sherehe la wanawake wa kwetu, umefungwa vibaya. Siku moja niliona kwamba bwana arusi kwenye picha hakuwa yule aliyetajwa kwenye kadi. Familia ilikuwa imeleta picha ya kaka yake. Hakuna aliyenituma kutazama hilo. Jicho lilikuwa limekaa pale muda mrefu, likachoka kuona nywele, likatafuta kingine.

Kitufe kilikuja mwishoni mwa 2018, tovuti inayoitwa remove.bg. Unapakia picha, unahesabu hadi tano, ukuta umeondoka. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Wakati ule hakuna mtu Nasser Road aliyetamka maneno akili bandia, na wala hatukujua kwamba tunaitumia. Tulisema tu "kuna tovuti inanyoa".

Kisha ukaja uchaguzi wa Januari 2021. Kwa sababu ya korona mikutano ya hadhara ilikuwa imepigwa marufuku, wagombea wakahamia kwenye redio na karatasi, nasi tukalala chini ya meza zetu miezi miwili. Kura ilipigwa tarehe 14. Usiku wa kuamkia tarehe hiyo mtandao ulikuwa tayari umezimwa nchi nzima, ukakaa hivyo siku kadhaa. Mtu mmoja alikuwa na arusi wiki ile ile, uchaguzi au hakuna uchaguzi, akataka kadi. Kitufe kimekufa. Nikamkata bibi arusi kwa mkono, na nilipotazama saa, dakika zilikuwa zaidi ya sitini. Miaka miwili tu bila kunyoa, na mkono ulikuwa umeshasahau.

Nikiri pia kwamba mashine ya kwanza kuninyang'anya mkate haikuwa na akili yoyote. Ilikuwa EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, ulioanza kwa nguvu mwaka huo huo wa 2021. Vitabu vya risiti vilikuwa nusu ya kodi yangu ya pango. Wenye maduka walikuja kufunga maduka yao Aprili 2024 kuupinga, magazeti yakajaa malalamiko yao. Wachapaji wa risiti hakuna aliyetuuliza.

Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na aliyeumia kwanza hakuwa mimi bali dada wa chumba cha pili, aliyekuwa akichapa barua. Barua za kuomba kazi, wasifu, malalamiko kwa mwenye nyumba, mkataba wa kuuza kiwanja. Mtu alikuja na shida yake kichwani, dada akaigeuza Kiingereza cha ofisini, shilingi 5,000. Baada ya muda wakaanza kuja na barua tayari kwenye simu, wanataka kutolewa karatasi tu, shilingi 300. Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilitoa utafiti likisema kazi za ukarani ndizo zinazoguswa zaidi na akili bandia ya aina hii, na kwamba wanawake wanaguswa kuliko wanaume kwa kuwa ndio wengi katika kazi hizo. Jirani yangu hakuusoma. Alikuwa akiuishi. Aliuza kompyuta moja akanunua mashine ya kupaka nailoni vitambulisho, na ukimuuliza leo atakuambia nailoni haina akili na inamlipa vizuri.

Mimi nilijiona salama, kwa sababu picha za ile kitu zilikuwa kichekesho. (Watanzania wanaiita akili mnemba, kwetu mtaani ni "ile kitu".) Ilikuwa ikichora herufi kama mtoto asiyejua kusoma anavyochora herufi, kwa umbo tu. Mikono ilikuwa na vidole sita. Nilipoiomba bibi arusi wa kwanjula, sherehe yetu ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa msichana, iliniletea mwanamke wa Lagos amefunga kilemba kikubwa. Nikasema hapana, gomesi, mabega yaliyochongoka, mkanda mpana kiunoni. Ikanipa mabega ya ndege ya kuruka. Tulicheka mtaa mzima.

Kicheko kilikwisha mwaka 2025. Kuanzia Machi mwaka huo picha zilianza kutoka na herufi zilizonyooka, na mteja akaja na bango zima kwenye simu. Dizaini niliyokuwa nikitoza shilingi 50,000 ikawa 20,000, kisha ikawa "mimi nina dizaini tayari, nichapie tu".

Hapo ndipo nilipogundua kazi ambayo mteja hakuijua kamwe, kwa sababu sikuwahi kumtajia. Picha nyingi za ile kitu huja na nukta 1,024 kwa upande. Kuchapa vizuri kunataka nukta 300 kwa kila inchi. Piga hesabu: picha hiyo inatosha karatasi yenye upana usiofika sentimita tisa, na mteja anataka A2, sentimita 42 kwa 59. Tena simu inaonyesha rangi kwa mwanga, sisi tunachapa kwa wino wa rangi nne, na ile bluu inayowaka kwenye kioo haipo katika ndoo yoyote Kampala. Ikitoka imefifia, mteja anadhani umemwibia. Zamani nilimaliza mambo haya kimya kimya ndani ya zile 50,000, kama mama anavyotoa mawe kwenye mchele. Sasa mchele unakuja "umeshapikwa", na mawe yamo.

Turudi kwa mama wa Bunia.

Bango lake lilitengenezwa na mpwa wake kwa ile kitu, nalo lilikuwa zuri, nisiseme uongo. Msichana mbele ya cherehani, kitenge cha manjano, jina la chuo, namba ya simu. Lakini lilinifikia kwa WhatsApp, na WhatsApp huminya picha. Lilifika na ukungu. Kazi ya haki ilikuwa kuyafuta maandishi yote na kuyaandika upya, saa moja hivi, shilingi 30,000. Mama hakuwa na 30,000 ya ziada na basi lake lilikuwa jioni. Nami nilikuwa peke yangu. Nikalitia kwenye programu ya kukuza picha, yenye akili bandia pia, na baada ya dakika moja ukungu wote ukatoweka. Herufi zilikata kama wembe.

Programu ile haioni kilicho chini ya ukungu. Imelishwa picha nyingi mno, na ikikuta doa inakisia ni nukta gani zingefaa kukaa pale, kisha inazichora bila wasiwasi. Ilikuta nane iliyofifia upande wa kushoto. Ikaona tatu inafaa. Kama ningechapa ukungu wenyewe, mama angelalamika palepale, au kijana mmoja wa kubandika angeuliza, hii ni nane au tatu? Ung'avu ulizima swali hilo kwa watu wote, nikiwamo mimi mwenye miaka 17 ya kazi.

Tena nilikuwa na prufu, ile nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa. Kwa desturi ya mtaa, mteja akitia sahihi kwenye prufu, kosa ni lake. Sahihi yake ilikuwa kwenye droo, chini ya mkono wangu, wakati amesimama pale akinisubiri. Droo sikuifungua. Sitaki mnidhanie wema; nilikuwa nikijiuliza angelionaje kosa ambalo mimi mwenyewe sikuliona, na nikikumbuka kwamba alitia sahihi akiwa ameshika begi la safari, mguu mmoja nje. Kuchapa upya kuligharimu shilingi 1,350,000. Nilikopa kwenye sako, chama chetu cha kuweka na kukopa, na ada ya muhula wa watoto wangu wawili nikailipa kwa vipande.

Lililonikera zaidi ya fedha ni kwamba nilikuwa na mtu ambaye angeiona ile tatu, nami nilikuwa nimemwachisha.

Nilikuwa na wanafunzi watatu wa kazi. Katikati ya 2024 niliwaita wawili nikawaambia ukweli: hakuna tena cha kukata, kitufe kinakata, siwezi kuwalipa kwa kunitazama. Mmoja alikuwa binti wa Tororo mwenye tabia iliyoniudhi. Alisoma kila namba kwa sauti. Sifuri, saba, saba, mbili... mtu unafikiria rangi, yeye anahesabu. Mama yake ni wakala wa kutuma fedha kwa simu karibu na Old Taxi Park, na katika nyumba ile namba moja ikikosewa fedha imekwenda kwa mgeni na chakula cha jioni hakipo. Tabia hiyo aliinyonya. Nilipomwachisha alirudi kwenye kibanda cha mama yake, na kwangu kukawa kimya, kimya nilichokifurahia.

Nilimfuata kibandani wiki moja baada ya mama wa Bunia. Alikuwa akimtumia mtu fedha, anasoma kwa sauti. Nikasubiri amalize.

"Karibu, mzee," akasema, bila tabasamu. "Kitufe kimeharibika?"

Nilimweleza. Alisikiliza, akauliza swali ambalo sikuwa nimelipangia jibu: "Utanilipa kwa kazi gani? Si ulisema kazi hakuna?"

Ikabidi nifikirie hapo hapo, nimesimama juani. Kazi ya kukata kweli hakuna. Kazi ya kuchora inapungua kila mwezi. Iliyobaki ni ile ambayo hatukuwahi kuiandika kwenye bei: mtu mmoja anayesimama mbele ya pleti, lile bamba la kuchapia, na kusema, ikiharibika hii, nitalipa mimi. Ile kitu haijawahi kukopa sako kwa ajili ya mteja. Nilimwambia nitampa 5,000 kwa kila kazi anayoikagua kabla ya pleti kutengenezwa, na kazi ikipita mikononi mwake na kosa, hasara ni yangu. Akataka 7,000. Tukaafikiana 6,000 na chakula cha mchana.

Ubao wa bei nimeubadilisha. Dizaini nimeiandika bure, maana wengi hawaiombi tena. Chini yake: ukaguzi na dhamana, 25,000. Nikaeleza kwa maneno machache kwamba tukikosea tunachapa upya kwa fedha zetu. Wengine wanaelewa, hasa waliowahi kupoteza. Wengine wananitazama kama tapeli. "Kusoma tu? Elfu ishirini na tano?" Kijana mmoja mwenye kampuni ya kuuza viatu alinionyesha kwenye simu kwamba ile kitu inaweza kusahihisha tahajia bure. Kweli inaweza. Akachapa kwa jirani, bango likatoka zuri, hakuna kosa lolote. Siku kama hizo bei yangu huonekana ya kijinga, hata kwangu mwenyewe.

Na kuna jambo silimalizi. Binti anasoma namba vizuri, majina vizuri, tarehe anazilinganisha na kalenda. Kivuli hakioni. Nilimwekea picha ya mchungaji ambayo uso umetoka mwanga wa huku na mwili mwanga wa kule, kazi ya ile kitu, akaniambia iko sawa. Mimi nilijua kwa sababu ya zile dakika 40, mara elfu sijui ngapi, nilizozilaani. Nani atamlipa yeye dakika 40 leo? Kila Alhamisi namtuma kwa fundi wa mashine achanganye wino, na kila Jumamosi namkatisha picha moja kwa mkono, picha isiyo na mteja. Ananiona mzee mkorofi. "Si kuna kitufe?" Namwambia anyoe tu.

Mama wa Bunia alirudi mwezi uliopita, safari hii kwa kalenda, 500. Sikumtarajia. Alibishana bei ya karatasi, akabishana bei ya rangi, na alipofika kwenye mstari wa ukaguzi alisoma, akanyamaza, akalipa. Kisha akatoa simu yake na dizaini ya mpwa.

Maandishi tuliyafuta yote, tukaandika upya. Binti alisoma namba kwa sauti, mama akaitikia tarakimu moja moja kama yuko kanisani. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kuandaa faili. Binti akachukua simu yangu, si yake, akaanza kubonyeza namba ile, na sifuri za kimataifa mbele.

"Unapiga Kongo kwa simu yangu?"

Akaniinulia kidole ninyamaze, akaweka spika. Ikaita mara nne. Sauti ya msichana ikapokea, na nyuma yake cherehani nyingi zikikimbia kwa pamoja, hata tukalazimika kupaza sauti kumuuliza pale ni wapi.